Mabinti wawili wa kwaya moja, Kigoma mjini: nyumbani wameshajua, kianze kipi?

Mlezi_Gungu aliandika:

Habari zenu wakubwa kwa wadogo. Naomba msaada wa wenye uelewa. Wa kutukana apite tu.

Mabinti wawili, mmoja ana miaka 24, mwingine 26, wanaimba kwaya moja kwenye kanisa la kiroho hapa Kigoma mjini. Wanapendana, na si urafiki wa kawaida. Kaka wa yule mdogo ameona meseji, akazipeleka kwa baba, na baba ni mzee wa kanisa. Simu imezuiwa. Mpaka sasa yamepangwa mambo matatu. Kwanza, binti apelekwe kwa mtumishi mmoja upande wa Mwandiga akae siku 7 za kufunga na kufunguliwa. Pili, akirudi asimame mbele ya ibada atubu. Tatu, kuna kijana wa Kasulu ameshatajwa, na barua ya posa iko njiani. Kwa kina yule wa 26 bado hawajui kitu.

Vitu vidogo nimevibadilisha wasije wakatambulika. Ninachouliza: sheria inasemaje kwa wanawake? Anaweza kuozeshwa kwa nguvu katika umri huo? Simu ifanyweje? Na kuna mtu anawashauri wavukie Burundi, ni sahihi?

---

Mwanasheria_Reli alijibu:

Mlezi, nianze na sheria, maana ndiyo fimbo ya kutishia na wengi wanaitaja vibaya.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 154, inahusu kumwingilia mtu kinyume cha maumbile. Adhabu yake ni kifungo cha maisha, na hakipungui miaka 30. Kujaribu tu, kifungu cha 155, ni kuanzia miaka 20. Kifungu cha 157, cha vitendo vya aibu, kinataja wanaume peke yao. Kwa hiyo wanawake wawili hawatajwi kwa jina kwenye sheria ya bara, tofauti na Zanzibar ambako tangu marekebisho ya 2004 wanatajwa waziwazi, adhabu hadi miaka 5. Lakini wasijiachie. Kifungu cha 138A, kilicholetwa na ile sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998, kinahusu vitendo vya aibu kubwa kati ya mtu na mtu, awe nani, hadharani au faraghani. Hicho kinaweza kumgusa mwanamke.

Sasa shikeni hili. Kinachoshtakiwa ni kitendo. Kumpenda mtu si kosa, kumwandikia "nimekukumbuka" si kosa. Kesi za namna hii hazina shahidi wa macho, kwa hiyo zinasimama juu ya maneno ya mhusika mwenyewe. Barua ya toba yenye sahihi, sauti aliyorekodiwa akiombewa, video ya ushuhuda madhabahuni, vyote hivyo vinaweza kutolewa mbele ya polisi siku familia ikigombana na mtu. Ndiyo maana katika mipango mitatu uliyoitaja, ule wa pili unanitisha kuliko yote. Asiandike chochote. Asisaini. Asirekodiwe. Akiulizwa na baba, kaka au mchungaji ajibu kwa adabu: "Nimesikia, naomba nisilizungumze hilo." Asikane kwa kiapo na asikiri.

Ikitokea wameitwa kituoni: ana haki ya kuambiwa kosa lake, ya kunyamaza, na ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Muda wa kawaida wa kumhoji ni saa 4, nyongeza ina utaratibu wake, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Asisaini maelezo ambayo hakuyasoma mwenyewe au hakusomewa neno kwa neno. Kwa kaka zetu wanaosoma hapa: kile "kipimo" cha njia ya haja kubwa ambacho wanaume wamekuwa wakilazimishwa hakithibitishi kitu kitaalamu. Chama cha Madaktari Duniani kilikilaani mwaka 2017. Kataa kwa mdomo, na uombe kukataa kwako kuandikwe.

Ndoa. Hapa binti yuko mahali pazuri kuliko anavyodhani. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 16, inataka ridhaa ya hiari ya kila mmoja, na ridhaa ya vitisho si ridhaa. Kifungu cha 17 kinadai idhini ya mzazi kwa msichana aliye chini ya miaka 18 tu. Wa miaka 24 baba hamwamulii kisheria. Ndoa isiyo na hiari ni batili kwa kifungu cha 38. Kusudio la ndoa linatakiwa litolewe taarifa siku 21 kabla, na katika kipindi hicho pingamizi linapokelewa.

Ila msikae kusubiri zile siku 21. Ugumu uko kwenye mahari. Mahari haigeuki kuwa ridhaa, lakini ikishapokelewa na kuliwa, familia inaingia deni: kifungu cha 71 kinampa aliyetoa zawadi kwa ajili ya ndoa nafasi ya kudai arudishiwe ndoa isipofungwa. Baba anayedaiwa ng'ombe na pesa taslimu hasikii tena la mtu. Kwa hiyo "hapana" isemwe barua inapofika, kabla ya kishika uchumba, mbele ya mama na shangazi au mjomba mmoja anayeheshimika. Sababu iwe moja na fupi: "Sijawa tayari kuolewa na huyu." Akianza kutoa sababu tano, zitajibiwa moja baada ya nyingine mpaka ziishe.

Akitaka msaada, wasaidizi wa kisheria wanaotambulika kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 hawalipwi. Aende na suala la kuozeshwa kwa nguvu, basi. Hilo linajitosheleza. Habari ya yule mwenzake haihitajiki mezani pale.

---

Fundi_Mwanga alijibu:

Upande wa simu. Mlezi, jambo la kwanza kuuliza ni laini imesajiliwa kwa nani. Familia nyingi laini ya binti imesajiliwa kwa NIDA ya kaka au ya baba. Ikiwa hivyo, mwenye NIDA anaenda dukani, anaweka kidole, anarudishiwa laini hiyo kwenye simu yake, na meseji zote za uthibitisho zinaingia kwake. Hapo anafungua WhatsApp ya binti bila hata kuishika simu. Apige *106# kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake mwenyewe. Kama namba anayotumia haimo, hiyo laini si yake, aichukulie hivyo.

Simu ikirudi mikononi, asiikimbilie kuandika. Afungue WhatsApp, aende kwenye Vifaa Vilivyounganishwa. Hapo ndipo kaka wengi hujificha: ameichukua simu dakika moja, ameskani kwenye kompyuta au simu nyingine, na tangu siku hiyo anasoma kila kitu kimya kimya. Kila kifaa asichokijua akiondoe. Kisha aweke uthibitishaji wa hatua mbili, ile PIN ya tarakimu 6, isiwe mwaka wa kuzaliwa.

Kufuta meseji hakutoshi. Nakala inaweza kuwa imebaki kwenye akaunti ya Google, na picha ulizofuta kwenye Google Photos zinakaa kwenye pipa la taka hadi siku 60 kama zilikuwa zimehifadhiwa mtandaoni. Kama akaunti ya Google ilifunguliwa na kaka, au inatumika pia kwenye tableti ya nyumbani, picha zinajitokeza kule zenyewe. Abadilishe nywila akiwa kwenye simu asiyoitumia mtu wa nyumbani, kisha atoke kwenye vifaa vyote.

Alama ya kidole aizime. Mtu akilala, kidole chake kinafungua simu. Aweke namba.

Na meseji zinazopotea zenyewe zinasaidia kidogo tu, kwa sababu kaka alipiga picha kioo kwa simu yake. Zile picha ziko kwake na hazifutiki kwa mbali, kwa hiyo wasimsumbue kuzidai, wala wasimlipe. Anayelipwa mara ya kwanza anarudi. Akianza kutisha kuzisambaza, watunze hayo maneno ya kutisha pamoja na tarehe, na wazungumze na mwanasheria kabla ya polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inambana anayemnyanyasa mtu mtandaoni, lakini ukifungua jalada, yaliyomo kwenye zile picha nayo yatasomwa.

Yule wa 26 afanye usafi huu leo, kabla hajashukiwa. Hivi hufanywa siku za amani. Jambo likishafika polisi, mtu asiguse kitu, maana kupoteza ushahidi ni kosa jingine.

---

Muuguzi_Kitete alijibu:

Mimi nataka kuzungumzia zile siku 7, kwa sababu humo ndimo mwili unaumia.

Mlezi, ulizia ni mfungo wa namna gani. Kufunga chakula huku mtu anakunywa maji, mtu mzima mwenye afya mara nyingi hupita salama. Mfungo mkavu, bila maji, kwa joto la huko ziwani na kukesha usiku na kupiga kelele, kufikia siku ya pili au ya tatu ni hatari. Dalili: mkojo kidogo na mweusi kama chai, kizunguzungu akisimama, moyo kwenda mbio, kuongea bila mpangilio. Hapo ni hospitali, na kuna watumishi watakaosema hizo ndizo dalili za pepo kutoka. Kama binti ana kifafa, kisukari, presha, au anatumia dawa za kufubaza virusi, asikubali kunyang'anywa dawa hata dozi moja.

Mambo mengine yanayotokea kwenye vituo hivyo: kufungwa kamba, kuchapwa, kumiminiwa vitu puani. Na lipo ambalo watu hawapendi kulitaja: mwanaume kupewa "jukumu" la kumrudisha binti. Huo ni ubakaji, hata kama aliyepanga ni mjomba. Ikitokea, saa zinahesabika. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zianze ndani ya saa 72, mapema ndiyo bora, na zinamezwa siku 28 bila kukatiza. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hufanya kazi hadi saa 120, lakini nguvu yake inapungua kila siku. Asioge kwanza. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye bahasha ya karatasi au khaki. Mfuko wa nailoni unatunza unyevu na kuharibu ushahidi. Hospitali ya Maweni hapo Kigoma wanapokea, na kwa Tabora ni Kitete. PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, inachukuliwa kituoni, lakini mwenye hali mbaya hutibiwa kwanza, fomu inafuata. Anaeleza aliyotendewa. Halazimiki kueleza sababu waliyoitoa wao.

Kuzuia ni bora. Aseme hivi: "Maombi sijakataa. Nakataa kulala huko." Waombezi waje nyumbani, mchana, mama awepo chumbani, mlango wazi, maji yawepo, simu za kurekodi zisiwepo. Wengi watanung'unika, lakini ni vigumu kwa mzazi kumkatalia mtoto anayeomba aombewe mbele ya mama yake.

Kwa mama mtu, kama kuna wa kumfikishia: Shirika la Afya Duniani liliondoa jambo hili kwenye orodha ya magonjwa tarehe 17 Mei 1990. Hakuna dozi wala mfungo unaoligeuza. Ninachokiona kikiletwa wodini ni matokeo ya kujaribu kuligeuza: mtu hali, halali, hasemi. Akianza kugawa vitu vyake, kuaga watu bila safari, au kusema angekuwa hayupo wangepumzika, asiachwe peke yake hata usiku mmoja, na sumu za shambani na dawa zote za nyumbani zitoke mahali anapofika. Aulizwe waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumpi wazo hilo.

---

Mzee_wa_Baraza_TBR alijibu:

Mlezi, salaam katika Bwana. Mimi ni wa upande wa kanisa, na fundisho la kanisa langu sijalibadilisha. Lakini naona mambo yanayopangwa hapo hayana utaratibu wa kikanisa wala huruma, na ninawasihi yasitendeke.

Binti asitegemee mchungaji kubadili msimamo. Walutheri wa KKKT wana Tamko la Dodoma la 2010, linalokataa ndoa za jinsia moja. Maaskofu Katoliki wa Afrika walisema Januari 2024 kwamba hawatabariki wapenzi wa jinsia moja. Huku kwetu hakuna dhehebu kubwa linalosema tofauti. Anachoweza kudai ni utaratibu, na hapo ana hoja.

Mathayo 18:15 inaanza na "wewe na yeye peke yenu". Kupelekwa mbele ya ibada ni hatua ya mwisho kabisa, na ni kwa aliyekataa kusikia hatua mbili za kwanza. Kumsimamisha siku ya kwanza ni kuruka Maandiko. Hilo baba mtu anaweza kuelezwa na mtu wa rika lake, si na kijana.

La pili aelezwe baba kwa faragha, kwa upole: 1 Timotheo 3:4-5 inataka msimamizi awe amewatiisha watoto wake nyumbani. Siku binti akitubu hadharani, wenzake barazani watauliza kama baba anafaa kubaki mzee wa kanisa. Sisemi hivi kumtisha. Ni jambo litakalotokea, na baba mwenye hasira hajafika huko kwa mawazo. Wengi wakilitazama, ushuhuda unafutwa wenyewe.

Kuhusu siri: padre akiungamisha amefungwa, hawezi kutoa neno hata akilazimishwa. Mchungaji ofisini hana kifungo cha namna hiyo, na timu ya waombezi hata kidogo. Lililosemwa kwenye maombi ya Jumanne, Alhamisi liko kwenye kikoba. Kama binti anahitaji mtu wa dini wa kuzungumza naye, atafute mmoja, mwenye umri, wa nje ya usharika ule, na asitaje jina la mwenzake kwa yeyote. Watambana sana kwenye hilo: "Mtaje aliyekufundisha." Asimtaje. Jina likitoka, nyumba ya pili inawaka, na zitakuwa familia mbili zinazotafuta wa kulaumiwa.

Na yule mkubwa asiache kwaya wiki hii. Wakitoweka wote wawili kwa pamoja, watu watajumlisha. Aendelee na mazoezi mwezi mmoja au miwili, kisha aage kwa sababu ya kawaida ya kazi.

---

Bint_Ujiji alijibu:

Naongeza kwa walio Waislamu, maana hapa Ujiji mambo haya yapo majumbani na watu wanateseka kimya. Hukumu ya fiqhi inajulikana, siigusi. Ila kupekua simu ya mtu usiku ni ule upelelezi uliokatazwa, Suratul Hujurat aya ya 12. Na anayemtuhumu mwanamke mwenye heshima yake bila mashahidi wanne, Suratun Nur aya ya 4 imemwekea yeye adhabu, bakora 80 na ushahidi wake usikubaliwe tena. Kumsitiri Muislamu kuna ahadi ya kusitiriwa. Kaka anayezungusha picha vijiweni aulizwe kwa aya hizo. Anayefaa kuzisema ni sheikh wa mtaa anayemheshimu au bibi mzaa mama. Tena kwa sheria za nchi kadhi hana mamlaka ya kumwozesha mtu mzima kwa nguvu wala kumfunga.

---

Mwanasheria_Reli alijibu:

Burundi nilisahau. Wasivuke. Sheria ya adhabu ya Burundi tangu 2009 inakataza mahusiano ya jinsia moja, wanaume na wanawake, kifungo hadi miaka 2. Watakuwa wageni, bila ndugu, kwenye sheria inayowagusa moja kwa moja kuliko ya hapa. Uganda tangu 2023 ni kubaya zaidi, na pale kambi ya Nyarugusu wanapokelewa wakimbizi kutoka nje ya nchi, si Mtanzania. Kama ni kuondoka, ni ndani ya nchi.

---

Mlezi_Gungu aliandika:

Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimeshamfikia binti kwa mdomo, si kwa simu. Laini kweli ni ya kaka. Mama amekubali maombi yafanyike nyumbani, baba bado. Kuna shangazi yake Tabora, Isevya, yuko peke yake na duka la nguo, anasema binti aje amsaidie. Shangazi hajui kinachoendelea. Aende?

---

Muuguzi_Kitete alijibu:

Aende, na aende kabla ya posa. Ombi litoke kwa shangazi mwenyewe, ampigie baba: duka limemzidi, anamtaka binti miezi mitatu. Dada akimwomba kaka yake msaada wa mtoto, huku kwetu kumkatalia ni aibu. Asitoroke. Akitoroka, kaka anapanda basi la kumfuata na hasira mpya.

Binti asimwambie shangazi kila kitu siku ya kwanza. Amtazame kwanza, asikie anavyowaongelea watu wengine. Habari ikielekea kumfikia kutoka Kigoma, binti aitangulie kwa sentensi mbili: wanataka kuniozesha, na kuna maneno wamesema juu yangu ambayo sitaki kuyajadili.

---

Fundi_Mwanga alijibu:

Akifika Tabora asajili laini mpya kwa NIDA yake na kidole chake, afungue WhatsApp mpya, na ile namba ya zamani asiihamishie kitu. Kwenye simu mpya asiingize akaunti ya Google ya zamani, la sivyo orodha ya majina na picha vitamfuata. Wakitaka kuwasiliana na mwenzake, wakubaliane sasa hivi kwa mdomo siku na saa, na asimpigie kutoka simu ya shangazi, kwa sababu namba inabaki kwenye kumbukumbu za simu. Pesa wasitumiane wiki za mwanzo, jina kamili linatokea kwenye meseji.

Kwenye begi achukue cheti cha kuzaliwa na vyeti vya shule vyenyewe, asiache halisi nyumbani akabeba kopi. Kadi ya NIDA kama wameificha, namba yake inatosha kusajili laini, aikariri kabla hajaondoka.